Uvimbe Usichokozwe

Jumapili usiku, Malindi

Leo sina zamu, lakini akili bado iko maabara. Kuna maneno ya bibi mmoja ambayo nimekuwa nikiyageuzageuza wiki hii, na bora niyaandike kabla hayajachanganyika na mengine.

Bibi mwenyewe alitoka Faza na mjukuu wake wa miaka tisa hivi (nimebadilisha mawili matatu hapa ili wasitambulike). Walipanda boti hadi Lamu, wakavuka Mokowe, kisha basi: Witu, Garsen, mpaka huku. Wakafikia kwa jamaa zao Shela. Si ile Shela ya Lamu, hii yetu. Mtoto alikuwa na uvimbe chini ya sikio la kushoto, pale kwenye pembe ya taya. Hauumi, homa hana, anakula, anakwenda chuoni, anagombana na wenziwe kama kawaida. Mwanzo kila mtu alisema ni perema, na kwa watoto wetu hilo si la ajabu, maana chanjo ya serikali hukinga surua na rubela lakini perema haimo. Akapewa panadol, akapewa antibayotiki, akaandikiwa kombe. Uvimbe ukabaki pale pale.

Perema huja na homa, mara nyingi huvimbisha pande zote mbili, humuuma mtoto akitafuna, na ikifika wiki moja au siku kumi huwa imekwisha. Uvimbe mmoja mgumu, usiouma, uliopita mwezi na bado unakua polepole, huo si perema tena. Ningependa kila mama wa huku alijue hilo moja tu.

Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa amekwisha kumpima kwa ultrasaundi, akaona ni kitu kigumu kilichomo ndani ya tezi kubwa ya mate, ile iliyo mbele na chini ya sikio. Akataka atoboe kwa sindano achukue chembe za kutazamwa kwa hadubini. Hapo bibi akakataa.

Aliniambia mimi, si daktari, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikipanga mezani vioo vya hadubini: "Mwanangu, uvimbe hauchokozwi. Ukichokozwa hutawanyika. Nimewaona waliochokozwa, mimi."

Daktari akamjibu kwa upole kwamba hizo ni imani tu. Mimi nilinyamaza. Si kwa heshima peke yake, bali kwa sababu naona bibi ana nusu ya ukweli, tena nusu iliyo nzito.

Uvimbe mgumu usio saratani unaoonekana zaidi kwenye tezi za mate, kwa watu wazima na hata kwa watoto waliokwisha kukua kidogo, ni ule uitwao adenoma ya pleomofiki. Hauna haraka na hauna ukali, lakini una tabia mbaya: ganda lake halijakamilika, na mahali pengine vijinundu vyake vimetokeza nje ya ganda. Zamani wapasuaji walikuwa wakilipasua ganda na kuukokoa uvimbe kutoka ndani. Jeraha linapona, mgonjwa anashukuru, na baada ya miaka uvimbe unarudi, safari hii si mmoja bali vijipele vingi vimetapakaa kwenye kovu. Kuviondoa hivyo vya pili ni kazi ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu katikati ya tezi hiyo inapita neva ya uso, ikijigawa matawi matano: la kukunja paji, la kufumba jicho, mpaka la kuvuta mdomo. Sasa mtu aliyewahi kumwona jirani akipasuliwa, akarudiwa na uvimbe, akapasuliwa tena na uso ukapinda, utamwambiaje kwamba ameota? Ila lile lilikuwa la kisu, halikuwa la sindano. Na tunatumia sindano ili mtu asiingize kisu kabla hajajua anakata nini.

Kwa hiyo nilimwonyesha. Sindano tunayotumia ni ya geji 23 hadi 25, na kadiri namba inavyopanda ndivyo inavyokuwa nyembamba. Unene wake ni kama nusu milimita, sawa na za chanjo alizodungwa mjukuu wake tangu yuko mgongoni. Nilimwambia kwamba sindano nyembamba hivi imetumika miongo mingi, na visa vya kusambaza uvimbe kupitia tundu lake ni nadra sana. Akaitazama, akamtazama daktari, akaniuliza swali ambalo wanafunzi wetu wa maabara huwa hawaliulizi: "Ikiwa ni nyembamba hivyo, itatoa nini cha maana?"

Nikamwambia, bibi, ukipika wali huli chungu kizima ndipo ujue umeiva. Unachukua punje mbili tatu. Akacheka. Kisha akanirudi: "Na punje za juu zikiwa zimeiva, na chini kuna ukoko?"

Basi hapo ndipo penye shida yote ya kazi hii, na bibi wa Faza ameifikia bila kufungua kitabu. Sindano hujibu kuhusu pale ilipogusa tu. Kwa watoto, saratani ya tezi za mate inayoongoza ni ile ya mukoepidemoidi, na ile aina yake ya upole huwa na vifuko vilivyojaa ute. Ukivuta, unapata ute mtupu na chembe chache, na asiye makini atasema ni kifuko tu, nenda nyumbani. Ndiyo maana sindano ya pili, ikiongozwa na ultrasaundi ielekezwe kwenye sehemu ngumu, si aibu ya mtu yeyote. Na ndiyo maana mimi silipendi jibu la "hakuna saratani." Napenda liandikwe "haikuonekana saratani katika kilichotolewa," na liandikwe pia kilitolewa kiasi gani.

Kwa watoto jambo hili lina uzito wake. Kati ya vimbe zote za tezi za mate, za watoto ni chache mno, chini ya 5 kwa kila 100. Lakini ukishatoa maambukizi, na vimbe za mishipa ya damu ambazo huwapata zaidi wachanga, zile ngumu zinazobaki zina fungu kubwa la saratani kuliko kwa watu wazima. Kwa hiyo "tungoje tuone" haina nafasi kubwa hapa. Sindano nayo haifai kila mahali: kichanga mwenye uvimbe laini unaojaa akilia huyo ni wa ultrasaundi kwanza, maana sindano itatoa damu tu. Mtoto aliyevimba pande zote mbili bila maumivu apimwe VVU kabla ya mengine. Na ikitoka kitu kama usaha mzito, usikimbilie kukimwaga, kipime kifua kikuu. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja.

Baba mtu alikuwa baharini na simu haishiki. Bibi aliswali adhuhuri, akarudi, akasema: "Haya." Mtoto akapakwa krimu ya ganzi, tukangoja kama saa nzima ifanye kazi. Kuingia, kuvuta, kwenda na kurudi ndani ya uvimbe, kutoka: ni sekunde tu. Mtoto alilia zaidi aliposhikwa kichwa asitikisike.

Yanayofuata ni yangu. Tone dogo juu ya kioo, unalitandaza kwa kioo kingine, upesi na bila kukandamiza, la sivyo chembe zinapondeka. Vioo vingine vinaingia kwenye spiriti papo hapo kwa ajili ya rangi ya Papanicolaou, vingine vinaachwa vikauke kwa upepo kwa ajili ya Giemsa. Giemsa huyo ni yule yule wa malaria, mkemia Mjerumani aliyetangaza rangi yake mwaka 1904. Maabara zote za pwani hii zinamjua kwa vimelea, na hunifurahisha kila mara kumwona akifanya kazi nyingine. Kwenye kioo cha mtoto huyu alifanya hasa: utando wenye nyuzinyuzi, wa zambarau unaoelekea uwaridi, na chembe za tezi zimezama ndani yake zimetulia, hazijatofautiana. Ukishauona utando huo mara moja huusahau. Mpatholojia, daktari wa kusoma chembe, aliusoma akakubali, akauweka kwenye fungu la uvimbe usio saratani katika mfumo wa Milan wa kupanga majibu ya sindano za tezi za mate, ule wa mafungu sita uliotoka mwaka 2018.

Ripoti zetu ni za Kiingereza. Bibi akataka ya kusomeka. Nikaandika kwa kalamu nyuma ya nakala yake: kwa kilichotolewa, huu ni uvimbe usio saratani. Sindano haikuutibu, imeutambua tu. Unatakiwa uondolewe mzima pamoja na nyama ya tezi inayouzunguka, na mpasuaji anayeijua njia ya neva ya uso. Usikandwe, usichanjwe, wala usipasuliwe kidogo ukaachwa. Kitakachoondolewa kipelekwe chote maabara, jibu la mwisho litatoka huko.

Alisoma kwa sauti. Alipofika kwenye "usipasuliwe kidogo ukaachwa" akanitazama juu ya miwani. "Si ndilo nililosema?"

"Ndilo, bibi."

Jana baba mtu alipiga simu. Amerudi nchi kavu, amesomewa karatasi yote, na kwake limebaki moja: je, mwanawe akipasuliwa mdomo utapinda? Nilimwambia ninachokijua, kwamba neva ikiguswaguswa wakati wa kazi uso unaweza kulegea upande mmoja kwa wiki au miezi kisha ukarudi, na kwamba kulegea kwa kudumu ni kuchache zaidi, lakini kupo. Aliyebaki wa kumjibu ni mpasuaji wa Mombasa atakayeuondoa uvimbe, naye amuulize waziwazi kabla hajatia sahihi. Tarehe bado hawajapewa.