Ribe, mji unaosomeka kwa alama za maji

Hakuna treni ya moja kwa moja kutoka Copenhagen hadi Ribe. Tulipanda ile ya Esbjerg, tukashuka Bramming na kudandia treni ndogo iendayo kusini. Aliyelala Esbjerg ana nafuu, maana hiyo ndogo humfikisha bila kubadili. Kutoka stesheni unaweza kutembea hadi katikati ya mji, ila beba begi la mgongoni. Vichochoro vimetandikwa mawe, na magurudumu madogo ya sanduku hukwama kila hatua.

Ribe ndio mji mkongwe kuliko yote Denmark; ulianza mwanzoni mwa karne ya 8 kama soko kando ya mto. Wageni wengi hukimbilia kupiga picha nyumba za fremu za mbao. Mimi nashauri uanzie Skibbroen, gati la zamani, penye nguzo ya mbao yenye alama za mafuriko na miaka yake. Simama ubavuni mwake uinue macho. Alama ya juu kabisa ni ya usiku wa kuamkia tarehe 12 Oktoba 1634, bahari ilipopanda zaidi ya mita 6 juu ya kawaida. Maji yaliingia hadi ndani ya kanisa kuu. Ukishaiona nguzo hiyo, mji wote unaeleweka.

Kanisa kuu lilianza kujengwa katikati ya karne ya 12. Magharibi mwa Jutland, rasi ya Denmark ulipo mji huu, hakuna mwamba wa kujengea, basi jiwe la tufa lililetwa kwa meli kutoka nchi ya mto Rhine. Lishike ukutani: ni jepesi, la kijivu-kahawia, lenye vitundu vya majivu ya volkano yaliyoganda. Ili kuingia unateremka ngazi, kwa kuwa ardhi ya mji imepanda karne hata karne na kanisa limebaki chini. Mlango wa kusini usiupite haraka. Juu yake pana mchongo wa Yesu akiteremshwa msalabani, nao umedumu vizuri ajabu. Ndani, michoro na vioo vya rangi vya Carl-Henning Pedersen ni vya miaka ya 1980. Wapo wanaoona haviendani na kuta hizo kuukuu; kwangu mimi vinalipa kanisa uhai.

Mnara wa kaskazini uliporomoka siku ya Krismasi mwaka 1283 na kuua watu. Uliofuata, wa matofali mekundu, ulikamilika mwaka 1333, na wenye mji waliutumia kulinda na kuchungulia. Kilele chake sasa ni bapa. Una ngazi 248 na kimo cha mita 52. Ngazi ni nyembamba, hivyo anayepanda na anayeshuka hupishana kwa kusubiriana. Huko juu upepo ni mkali, kofia ishike. Ukitazama magharibi unaona uwanda mtupu hadi tuta la bahari lililojengwa kati ya 1911 na 1915, na hapo unajua kwa nini mlinzi aliwekwa huku.

Majira ya joto, saa mbili usiku, mlinzi wa zamu mwenye taa huanzia mkahawa wa Weis Stue na kuzunguka mji akiimba. Kumfuata ni bure.

Ukibaki na siku, nenda kijiji cha Vester Vedsted upande basi linalovutwa na trekta kwenda kisiwa cha Mandø. Njia ya changarawe hupita juu ya matope ya bahari na hufunikwa maji yakijaa, kwa hiyo ratiba hubadilika kila siku. Usiingize gari lako kwa kutegemea jedwali la maji peke yake: upepo wa magharibi huyasukuma yakajaa mapema na kuchelewa kupwa. Kabla ya kuondoka ulizia trekta la mwisho la kurudi. Likikupita, utalala kisiwani.