Epoksidi ya Sharpless kwenye unyevu wa Tanga

Mmenyuko wa Katsuki na Sharpless, uliotangazwa mwaka 1980, hugeuza alkoholi yenye kaboni mbili zilizofungwa kwa kifungo maradufu kuwa epoksidi, yaani pete ya oksijeni moja na kaboni mbili, na huchagua upande mmoja wa molekuli. Wengi huutaja kana kwamba ni titani na tartrati tu, zinazounda kichocheo chake. Hapa Tanga, masika yakishaingia, kinachoamua mambo ni kiungo cha tatu: unga wa zeolaiti ya angstromu 4, yaani chembe zenye vitundu vya upana huo. Hapo awali titani ilitiwa karibu moli kwa moli na alkoholi. Zeolaiti ndiyo iliyoishusha hadi asilimia 5, maana hunyonya maji yanayoua kichocheo.

Zeolaiti iwe ya unga, na ipashwe nyuzi 200 chini ya ombwe kwa saa tatu au zaidi. Oveni ya kukaushia vyombo, ile ya nyuzi 110, haitoshi kabisa.

Kwa geranioli (alkoholi inayogeuzwa hapa) gramu 10: weka zeolaiti gramu 1.8 na kiyeyushi cha dikloromethani mililita 100 kwenye chupa iliyojazwa naitrojeni, tia L-(+)-dietili tartrati gramu 1.0, poza hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Fuatisha isopropoksidi ya titani gramu 0.91, kisha haidroperoksaidi ya tert-butili, peroksaidi inayotoa oksijeni, milimoli 97, iliyo kavu. Koroga dakika kumi, shusha hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, ndipo geranioli iingie polepole, robo saa nzima. Ukiitanguliza geranioli, kichocheo hakipati nafasi ya kujipanga.

Tartrati hiyo hutokana na asidi ileile inayoukalisha ukwaju, na kwa geranioli hutoa epoksidi ya (2S,3S), yaani moja kati ya maumbo mawili yanayofanana kama kitu na taswira yake ya kioo. Usiibanie. Ikishuka chini ya moli 1.1 kwa kila moli ya titani, titani isiyoshikwa na tartrati hufanya kazi bila kuchagua upande, na usafi wa umbo hilo moja huporomoka. Ikizidi mno, mmenyuko huzubaa.

Chupa ya titani ichunguze mdomoni. Ukoko mweupe pale ni titani iliyokwisha kuvunjwa na maji, na kimiminika chenyewe hufuka moshi kikikutana na hewa ya pwani. Chota kwa sindano kupitia mpira, usifungue kizibo. Chupa ya kemikali iliyotoka kwenye friji ni hatari zaidi: ukiifungua ingali baridi, umande huingia ndani. Iache izoee joto la chumba kwanza.

Bafu la baridi: barafu iliyopondwa sehemu tatu, chumvi ya mawe sehemu moja, kwa uzito. Hufika karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini kwa joto letu huyeyuka upesi. Mwaga maji, ongeza barafu na chumvi, tazama kipimajoto kilichozama ndani ya mchanganyiko wenyewe, si kwenye bafu.

Dakika 45 baada ya geranioli kuisha kuingia zinatosha. Pandisha hadi sifuri, tia maji mililita 20, koroga hadi ufikie joto la chumba, kisha tia mililita 4.5 za sodiamu haidroksaidi asilimia 30 iliyoshibishwa chumvi ya mezani, ili tartrati ivunjike. Peroksaidi iliyobaki iue kwa salfeti ya chuma(II) kabla ya kukausha kiyeyushi. Usiiache ijikusanye kwenye joto, na peroksaidi kali usiiguse kwa asidi kali. Matabaka yakigoma kutengana, methanoli mililita chache huyaachanisha ghafla.