Godauni la Viti

Mwaka wa 2017 nilikuwa na faili ya kijani niliyoibeba kila niendako, kama mama anavyobeba kadi ya kliniki ya mwanawe. Ndani mlikuwa na mpango wa kliniki yangu ya meno, kurasa kumi na mbili zilizojaa majedwali. Miaka sita nilikuwa nimeziba na kung'oa meno katika kliniki ya mtu mwingine, nikilipwa asilimia ya kile alicholipa mgonjwa, na nilitaka mlango wenye jina langu.

Benki mbili ziliiona faili hiyo. Nikisema ziliisoma nitakuwa nimedanganya. Kijana wa mikopo aliifungua, akauliza hati ya shamba iko wapi, akaifunga. Sheria ya kudhibiti riba ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Benki hazikuruhusiwa kuzidisha pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Kenya, maana yake asilimia 14 wakati huo, na sisi wenye biashara za kesho tuliishangilia ilipoanza Septemba 2016. Shangwe za bure. Benki isiyoweza kukutoza kadiri inavyokuogopa haikukopeshi kabisa. Inaikopesha serikali na kulala usingizi.

Nikageukia Sacco. Akiba yangu ilikuwa shilingi 420,000, nao walikopesha mara tatu ya akiba, ikawa 1,260,000, mradi nipate wadhamini wanne. Hapo ndipo nilipojua uzito wa neno hilo. Ukimwomba mtu akudhamini, unamwomba akiba yake ifungwe mpaka wewe umalize kulipa. Muuguzi tuliyefanya kazi pamoja alitia saini akiwa amesimama, kalamu yangu mwenyewe, hakuuliza hata riba. Binamu yangu alikubali baada ya chai tatu. Mwenzangu mmoja wa chuo aliacha kupokea simu zangu, na hadi leo tukikutana tunasalimiana kama watu wanaowahi matatu. Wengine wawili nitawanyamazia, walisaini, Mungu awabariki.

Iliyobaki ni vifaa. Kiti kipya nilichokuwa nimekiandika kwenye faili kilikuwa 650,000, bila kompresa ya kupuliza hewa, bila otoklevu ya kuua vijidudu kwenye vyombo, bila mashine ya eksirei. Fundi aliyekuwa akitengeneza viti pale nilipoajiriwa aliposikia bei hiyo akaniambia, "Daktari, kabla hujalipa, njoo Jumamosi uone vyangu."

Godauni lenyewe lilikuwa ndani ndani ya Eneo la Viwanda la Nairobi, nyuma ya Enterprise Road, baina ya mtu wa kuchomelea mageti na mtu wa kuuza magunia. Fundi akafungua kufuli, akawasha balbu moja. Nilikuwa nimetarajia viti viwili, vitatu. Vilikuwa vimejaa hadi ukutani, vimelazwa chali, taa zao zimeinama juu yao kama watu kwenye matanga.

"Hivi vyote vimeharibika?" nikauliza.

"Hivi? Hivi ni vizima, daktari. Kliniki ndizo zilikufa."

Nilidhani anatania. Akaanza kunitembeza, akivigonga kwa bisibisi kimoja kimoja. Cha buluu kilitoka katikati ya jiji. Mwenyewe alilipa gudwili kubwa, ile pesa ya kuingilia, kupata chumba, miezi saba baadaye mwenye nyumba akaweka kufuli lake juu ya kufuli la daktari. Cha rangi ya maziwa kilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi siku ya ufunguzi. "Wenye meno mabovu ndio hao hao wenye magoti mabovu," akasema. Kisha tukafika kwenye kiti kizuri kuliko vyote, cha ngozi nyeusi, chenye skrini na mkono laini unaoteleza bila kelele. Mwenye hicho alikuwa na wagonjwa mpaka wanasimama nje. Wote wa bima. Bima ikakawia siku 60, ikakawia 90, na mwenye kuuza glavu na dawa ya ganzi hakusubiri. "Hiki kilikufa kimeshiba."

Akanyoosha mkono. "Haya, nione hiyo faili."

Akaisoma, yeye. Alivaa miwani iliyofungwa kwa waya, akaketi juu ya kompresa na kusoma kurasa zote kumi na mbili, huku yule wa mageti akipiga chuma hata nikashindwa kusikia mawazo yangu. Nilikuwa nimeandika wagonjwa wanane kwa siku, siku 26, shilingi 2,500 kila mmoja, jumla 520,000 kwa mwezi. Tangu mwezi wa kwanza. Akanitazama juu ya miwani.

"Hawa wanane wamekuahidi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akageuza ukurasa wa mwisho, akaandika nyuma yake: wagonjwa wawili. Hiyo ni 130,000. Akatoa kodi ya chumba 48,000, akatoa marejesho ya Sacco ambayo mwezi wa kwanza yangekuwa karibu 39,000, akatoa 25,000 ya msaidizi. Kukabaki 18,000 ya stima, glavu, sindano, dawa, takataka za hospitali ambazo lazima zichukuliwe zikachomwe, na mimi mwenyewe kula. Nilitazama ile 18,000 nikahisi tumbo likiniteremka. Nilikuwa nimekaa na majedwali yale miezi minne na sikuwahi kuyauliza swali hilo.

"Na maji?" akaendelea. Nairobi ilikuwa kwenye mgao tangu Januari kwa sababu bwawa la Ndakaini lilikuwa limeshuka, mtaa wetu wa Donholm tukipata maji siku za kuhesabika. Chupa ya maji ya kiti ungeweza kuijaza kwa mkono, lakini bakuli la kutemea, otoklevu, mikono yako? Chumba nilichokuwa nimeahidiwa kilikuwa ghorofa ya pili, na kupitisha mabomba ya kiti kungetaka kuchimba sakafu ambayo ni dari ya mtu mwingine. Nikamtajia, kwa kuona haya kidogo, kwamba chini ya jengo hilo hilo palikuwa na saluni inayohama. Chumba kidogo, hakipendezi.

"Saluni ina sinki. Ina mitaro. Ina tangi?"

"Ina tangi."

"Basi unauliza nini?"

Tulikubaliana kiti cha kijivu, 240,000 pamoja na kukifunga. Tofauti na kile kipya ilikuwa 410,000, kodi ya miezi minane na nusu, na hiyo niliiacha kule kule Sacco bila kuigusa. Kwenye kompresa alikataa ya bei nafuu niliyoitaka. Ile ya mafuta hupuliza ukungu wa mafuta juu ya jino, alisema, kisha unaziba leo, na kesho kizibo kiko kwenye ugali. Hilo nilifundishwa darasani. Aibu ni kwamba bei ilikuwa imenisahaulisha.

Aliniambia pia nisifungue Agosti, watu hawatakuwa wakiwaza meno. Nilimsikiliza shingo upande. Kura ya urais ikapigwa tarehe 8, Mahakama ya Juu ikaifuta Septemba mosi, tukarudia Oktoba 26, na mimi nikafungua Novemba, bado nikifanya siku tatu kwa juma kule nilikoajiriwa. Mwezi ule wagonjwa hawakufika hata wawili kwa siku.

Lakini Jumamosi ile hayo yote hayakuwepo. Nilituma malipo ya kwanza kwa M-Pesa, tukasubiri ujumbe tukiwa tumesimama mlangoni. Nilipokuwa naondoka akaniita nirudi, akatoa daftari jeusi kutoka mfuko wa bwelasuti, akauliza jina la jengo, mtaa, na namba ya chumba cha saluni.

"Ya nini, Fundi? Si utakuja kukifunga mwenyewe?"

"Ya kukifunga nitaikumbuka," akasema, akilowesha ncha ya penseli kwa ulimi. "Hii ni ya kukifuata."