Vipande vitatu vya bamba

Karakana niliyojifunzia ufundi ilikuwa na mashine mbili za kupiga chuma. Moja ilirusha gololi ndogo za chuma kwenye springi za magari. Nyingine ilirusha chenga zenye makali kwenye mabamba yanayosubiri rangi. Siku moja hii ya chenga ikaharibika, na mabamba ya tangi yamepangwa mlangoni.

Mwenzangu akapendekeza tuyapitishe kwenye gololi. Kutu ingetoka, chuma kingeng'aa, kungekuwa na tatizo gani? Fundi mkuu hakumkemea. Alikata vipande vitatu kutoka bamba lile lile, akatuagiza tuvioshe kwa thina kabla ya lolote, kwa sababu mafuta yakikutwa juu ya chuma hupigiliwa ndani badala ya kuondoka. Cha kwanza tulikisugua kwa brashi ya waya tu, magamba meusi ya kiwandani yakabaki. Cha pili kilipigwa gololi. Cha tatu akakipeleka karakana ya jirani kikapigwe chenga, kikarudi kijivu chote, kinakwaruza kidole. Kipimo cha mikwaruzo kikaonyesha kina cha maikroni 60 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kutoka kilele hadi bonde. Vyote vikapakwa rangi ya epoksi ya kopo moja, tukaviacha hadi rangi ilipokomaa kabisa, si kukauka juu juu tu.

Kisha akagandisha vifundo vya alumini kwa gundi juu ya rangi na kuvivuta kwa pampu ya mkono yenye mshale wa kuonyesha nguvu ya kuvuta. Tulisimama kimya tukitazama mshale ukipanda.

Kifundo cha kwanza kiling'oka mapema, na mgongoni mwa rangi kulikuwa na magamba meusi. Rangi ilikuwa imeyashika magamba barabara. Magamba ndiyo hayakukishika chuma. Cha pili kilivumilia zaidi, lakini kilipoachia kiliacha madoa ya chuma kitupu. Cha tatu kikapandisha mshale mbali, mpaka gundi yenyewe ikakatika. Rangi ilibaki mahali pake.

Nimeshuhudia mabishano mengi kazini, na sijaona lililomalizwa vizuri kuliko hilo.

Mwenzangu, ambaye nilimheshimu kwa kutoridhika upesi, akageuza swali: "Sasa fundi, kama chenga ni bora hivyo, kwa nini springi tusizipige chenga?"

"Springi haiombi rangi ishike," akajibu. "Inaomba isivunjike."

Akachukua springi mezani akatueleza. Kila gololi inapogonga huacha kibonyeo, na ngozi ya chuma hutaka kutanuka. Chuma cha chini yake hakikubali, hivyo ngozi hubaki imebanwa. Springi inayokunjwa na kuachiwa mara maelfu huchoka kwa ufa unaoanzia juu, na ufa huhitaji kuvutwa ndipo ufunguke. Mahali palipobanwa hausogei kirahisi. Chenga kali nazo huacha mikato, na kila mkato ni mlango wa ufa. Kile kile kinachoipa rangi pa kushika kingeipunguzia springi maisha. Nilipenda sana maelezo hayo, kwa kuwa tangu siku hiyo niliacha kuuliza kama chuma kimesafishwa, nikawa nauliza kinaandaliwa kwa kazi gani.

Mabamba ya tangi yakasubiri. Mashine ilipotengenezwa tuliyapiga chenga asubuhi, tukapuliza vumbi, tukayapaka rangi ya kwanza kabla jua halijazama, kwa sababu chuma kitupu hakichelewi kupata kutu hewa ikiwa na unyevu.