Sikio Linalongoja

Januari 1973, ndani ya ukumbi wa muziki wa Carnegie Hall, New York, vinanda vinne vya umeme na manyanga vilipiga Four Organs, muziki wa mtunzi Mmarekani Steve Reich. Noti zilezile zinarudiwa, kila mara zikivutwa zaidi. Watu wakazomea, wengine wakapaza sauti muziki ukome. Nawaelewa kabisa: walikuja kusikiliza okestra, masikio yao yakingoja wimbo uende mahali.

Mimi muziki huu naupenda mno. Nikishaacha kudai melodi, nangoja tu noti moja ibaki hewani baada ya nyingine kunyamaza. Ikibaki kwa muda mrefu kuliko mara iliyopita, mwili unanisisimka. Manyanga hayabadiliki hata kidogo, na ndiyo yanayokuonyesha noti zimerefuka kiasi gani.

Ukitaka kumsikilizisha rafiki, mwambie kwanza afuate manyanga.