The Alchemist: tunabishania sentensi, kisa tunakiacha

Riwaya chache huwagawa wasomaji kwa ukali kama The Alchemist ya Paulo Coelho. Mmoja atasema imemfungua macho. Mwenzake, wa umri uleule na elimu ileile, atasema hakufika hata nusu kwa kuchoshwa na mahubiri. Kila nikiurudia ubishi huu naona jambo moja. Wanaoipenda na wanaoichukia wanashika sentensi ileile, ile ya mfalme mzee kwamba mtu akitaka jambo kwa dhati, ulimwengu mzima hushirikiana kumsaidia alipate. Huyu anaiamini, yule anaicheka. Nani alikwenda wapi, akapoteza nini na akalipwa na nani, hayo hubaki pembeni. Nami nadhani kisa kina akili kuliko mahubiri yake.

Kisa chenyewe ni cha kale. Katika Alfu Lela u Lela yumo mtu wa Baghdad aliyefilisika, akaota kwamba riziki yake iko Cairo. Akaenda, akalala msikitini, wezi wakavunja nyumba ya jirani, askari wakamkamata yeye wakamtandika. Mkuu wa askari aliposikia kilichomleta alicheka: yeye ameota mara tatu nyumba fulani ya Baghdad, yenye ua na chemchemi, na mali iliyozikwa chini yake, wala hakujisumbua kwenda. Mgeni akaitambua nyumba inayotajwa kuwa ni yake. Akarudi, akachimba, akapata. Mshairi wa Kiajemi Rumi anacho kisa hiki katika kitabu cha 6 cha utenzi wake Masnavi, na mwandishi wa Argentina Jorge Luis Borges alikisimulia upya kwa ufupi katika mkusanyiko wake wa 1935. Coelho, Mbrazili, alikihamishia Andalusia, kusini mwa Uhispania, mwaka 1988, na tafsiri ya Kiingereza ya 1993 ikakisambaza. Kilichokuwa cha ukurasa mmoja au miwili kikawa kitabu kizima, ingawa bado kinasomeka kwa jioni moja.

Tazama alichokibakiza. Santiago, mchunga kondoo mwenye kondoo 60, anaota mara mbili hazina iliyo kwenye piramidi za Misri. Anauza kondoo, anavuka bahari hadi Tangier, Moroko, anakatiza jangwa, anafika, anachimba, hapana kitu. Majambazi wanampiga, na kiongozi wao anamwambia kwa dharau kwamba naye aliwahi kuota hazina chini ya mkuyu katika kanisa bovu huko Uhispania, ila yeye si mpumbavu wa kuvuka jangwa zima kwa sababu ya ndoto. Pima hapo. Ndoto iliyoaminiwa ilimpeleka mtu mahali patupu, na ndoto iliyodharauliwa ndiyo iliyotaja mahali penyewe, kanisa lilelile Santiago alimolala mwanzoni mwa kitabu. Anayedai kitabu kinafundisha tu kufuata ndoto amesoma nusu yake. Anayekiita cha kitoto kwa sababu hiyohiyo naye ameipita kejeli iliyokuwemo tangu Baghdad, ambayo Coelho, kwa busara yake, hakuiondoa.

Rudi sasa kwenye ile sentensi. Inasemwa na Melkizedeki, yule mfalme mzee, mhusika mwenye shabaha yake, na anaisema kabla safari haijaanza. Kinachofuata ni nini? Siku ya kwanza Tangier kijana anaibiwa fedha zote alizopata kwa kondoo wake. Baadaye askari wa jangwani wanapewa fedha zake zote ili wasimuue, bila yeye kuulizwa. Mwisho majambazi wanachukua dhahabu iliyobaki. Mara tatu anabaki mikono mitupu. Ukitaka kusema ulimwengu unamsaidia, sema pia kwamba unamtoza.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani imo ndani ya kitabu chenyewe, nao huikosa. Mfalme anasimulia juu ya mchimba zumaridi aliyetumia miaka mitano mtoni, akachunguza mawe 999,999, akataka kukata tamaa likiwa limebaki jiwe moja. Mashabiki hulitumia kama somo la subira. Lakini soma tena: mfalme mwenyewe alijigeuza jiwe, akabingirika mpaka miguuni pa yule mtu, ambaye kwa hasira alilirusha likavunja jingine lililokuwa na zumaridi. Mchimbaji alikuwa amekwisha kushindwa na akaokolewa. Je, wale ambao hakuna mfalme aliyebingirika kwao? Historia ya kitabu inasimuliwa kwa namna hiyohiyo. Coelho ameeleza, katika utangulizi wa toleo la maadhimisho, kwamba katika duka moja la Brazili nakala moja tu iliuzwa wiki ya kwanza, ya pili ikachukua miezi sita mingine, tena kwa mnunuzi yuleyule, na mchapishaji akavunja mkataba. Leo kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 80. Ni kisa kizuri, ila hakithibitishi lolote: vitabu vilivyokufa kwenye nakala ya pili havina utangulizi wa maadhimisho.

Mtu ninayemrudia mara nyingi kuliko wote ni muuza vyombo vya kioo wa Tangier. Nadhani hapa ndipo kitabu kinapojipinga kwa heshima kubwa zaidi. Duka lake liko juu ya mlima na biashara imedorora. Kijana anasafisha vyombo ili apate chakula, anaajiriwa kwa kamisheni, anapendekeza kabati la kuonyeshea bidhaa nje, halafu wazo la kuuza chai ndani ya bilauri za kioo kwa wapanda mlima wenye kiu. Hatua hizo ni za kweli kabisa: ameangalia wateja wanapita wapi na wanahitaji nini, kisha akakiuza chombo kwa kukitumia. Baada ya miezi 11 na siku 9 ana fedha za kununua kondoo 120, mara mbili ya aliokuwa nao, pamoja na tiketi ya kurudi na leseni ya kuingiza bidhaa. Hakuna ishara wala muujiza uliomfikisha hapo. Ni kazi. Wanaosema riwaya hii inadharau juhudi wamezipita kurasa hizi.

Na mwenye duka? Anatamani kuhiji Makka, uwezo sasa anao, lakini haendi. Anasimulia juu ya fundi viatu aliyetembea jangwani karibu mwaka mzima, aliyesema alichoka zaidi akizunguka Tangier kununua ngozi. Yeye anaogopa kwamba tamanio likitimia hatakuwa na sababu ya kuishi. Kitabu kinamweka kama onyo. Msomaji wa miaka 18 humhukumu kwa dakika moja. Msomaji mwenye ada za shule na wazazi wagonjwa humtazama akanyamaza. Ukitaka kujua kwa nini watu wawili hawaelewani kuhusu riwaya hii, waulize wanamwonaje mzee huyu. Asiyemwonea huruma hata kidogo, mara nyingi ndiye atakayekuletea ile sentensi ya mfalme.

Kuna malalamiko mengine ambayo kisa hakiyajibu, na sioni haja ya kukitetea. Fatima ndilo kubwa. Santiago anamwona kisimani katika oasisi ya Fayoum, na mara wanapoonana tena anamwambia anataka awe mke wake. Kazi ya Fatima kuanzia hapo ni kungoja, na anaisema kwa fahari kama desturi ya wanawake wa jangwani. Kila mwanamume ana wito wake binafsi wa kuufuata au kuukimbia: mchunga kondoo, mwokaji mikate, Mwingereza anayesaka alkemia (ufundi wa kale wa kugeuza metali kuwa dhahabu), hata jambazi. Fatima wito wake ni mtu mwingine. Anayemjibu msomaji mwanamke kwamba “ni fumbo tu” anakwepa, maana mafumbo nayo hugawa kazi. (Mwanamke mwenye biashara yake ni yule mtabiri wa Tarifa, aliyetaka sehemu ya 10 ya hazina. Namheshimu.)

La pili ni damu, ambayo karibu hakuna anayeitaja. Kijana anawaona mwewe wawili wakipigana angani na anatambua kwamba oasisi itavamiwa. Anawaonya machifu. Wavamizi 500 wanakuja, na katika nusu saa wamekwisha isipokuwa kamanda wao, ambaye ananyongwa. Malipo yalipangwa kabla: kipande kimoja cha dhahabu kwa kila maadui kumi waliokufa. Kijana anapokea vipande 50. Kitabu kinachosifiwa kwa upole kimepita hapo bila kutulia, na wasomaji nao wamepita hivyohivyo.

Kwa wasomaji wa dini, mgawanyiko huwa na ukurasa wake. Wakristo wanafurahi kumkuta Melkizedeki wa Mwanzo 14 na mawe ya Urimu na Thumimu; Waislamu wanamkuta mtu mwenye shauku ya hija. Wote wanatembea pamoja hadi jangwani, kijana anapopewa siku tatu ajigeuze upepo. Anaongea na jangwa, na upepo, na jua, kisha na Mkono ulioandika yote, na anaona kwamba Roho ya Mungu ni roho yake mwenyewe. Wengi hushuka hapo. Hawajakosea kuisoma: kitabu kinasema hivyo waziwazi, na anayetaka kuwapoza kwa kudai ni lugha ya picha anapunguza walichokiona. Ipo pia dhana kwamba yote yameandikwa, ambayo muuza vioo anaishikilia, ikikaa meza moja na mafundisho ya kuchagua. Coelho hakuitatua. Mimi sioni kasoro katika hilo. Watu wengi huishi na zote mbili.

Kuhusu lugha sina mengi. Sentensi fupi, msamiati mdogo, mhusika anayepewa jina katika sentensi ya kwanza kisha anaitwa “kijana” karibu mpaka mwisho. Hivyo ndivyo hekaya husimuliwa. Anayengoja undani wa nafsi kama wa riwaya ya kisasa atangoja sana.

Kwa wanaotaka kukijadili kikundini bila kugombana, usianze kwa kuuliza nani amekipenda. Swali hilo hupanga watu pande mbili kabla ya dakika kumi, na baada ya hapo kila mmoja anailinda kauli yake. Gawa kitabu mara tatu: dibaji na sehemu ya kwanza; sehemu ya pili mpaka kijana anapoondoka oasisi; kisha jangwa, piramidi na hitimisho. Sehemu ya pili ni ndefu takriban mara tatu ya ile ya kwanza, kwa hiyo kuikata katikati kunasawazisha usomaji. Kila mtu alete tukio moja, akitaja nani alifanya nini. Sentensi za hekima ziachwe nyumbani mpaka mkutano wa tatu. Bila sharti hilo mazungumzo huteleza upesi kwenye maisha ya wasemaji, kwa kuwa kitabu chenyewe kinamwalika mtu ajiwazie, na aliyesimulia kufukuzwa kazi hapingwi tena juu ya Fatima. Hekaya ya Baghdad isomwe kwa sauti mwanzoni mwa mkutano wa tatu, kabla ya hapo isitajwe, la sivyo mnafichua mwisho kwa wale ambao hawajafika.

Na mkutano huo wa tatu utengewe nafasi ya kutosha kwa aya inayolitaja sanduku. Kijana amerudi kwenye kanisa lake, amechimba chini ya mkuyu, na amepata sarafu za dhahabu za Kihispania, vito, barakoa za dhahabu zenye manyoya mekundu na meupe, na sanamu za mawe zilizopambwa kwa vito. Msimulizi anasema ni nyara za ushindi ambao nchi ilikwisha kuusahau, na ambazo mshindi fulani hakuwahi kuwaambia wanawe. Barakoa za manyoya hazikutoka Andalusia. Zilitoka ng'ambo, kwa watu walioporwa, na Coelho aliyeandika haya anatoka upande ule wa bahari. Kwa miaka mingi ubishi umekuwa kama ni halali safari ya roho iishie kwenye mali. Swali la mali ya nani haliulizwi, ingawa jibu limeandikwa palepale, na Santiago anachokumbuka kwa wakati huo ni kwamba inampasa kwenda Tarifa kumlipa mtabiri sehemu yake ya 10.