Siku Niliyomwomba Mjomba Aweke Nyundo Chini

Mjomba wangu alianza kung'oa usukani wa magari zamani, enzi ambazo katikati ya usukani hamkuwa na kitu zaidi ya kitufe cha honi. Njia yake ilikuwa ile ya mafundi wote wa rika lake: unabandua kifuniko kwa bisibisi, unafungua nati, unabana usukani kwa magoti na kuuvuta huku msaidizi anagonga ncha ya shafti kwa nyundo. Dakika chache tu, kazi imekwisha. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mtoto wa kushikishwa tochi, na ufundi wangu wa kwanza niliupata kwake kabla sijaenda kusomea umeme wa magari.

Kwa hiyo dada yangu alipoleta gari lake, honi imekufa na taa ya mfuko wa hewa (ule unaofyatuka kutoka kwenye usukani kumkinga dereva wakati wa ajali) inawaka kwenye dashibodi bila kuzimika, wa kwanza kushika bisibisi alikuwa mjomba. Fundi mmoja alikuwa ameshamshauri dada aitoe balbu ya taa ile ili isimsumbue macho. Ushauri huo uliniuma, na mpaka leo unaniuma. Taa ile ikiendelea kuwaka baada ya gari kuwashwa, maana yake ni kwamba kompyuta ya mifuko ya hewa imegundua hitilafu, na siku ya ajali mfuko unaweza usifyatuke kabisa. Dada yangu hubeba watoto kwenye gari lile. Kuzima taa kungemwachia hatari ile ile, ila sasa asiione.

Nilichomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, kikaonyesha kuwa njia ya umeme inayokwenda kwenye mfuko wa dereva imekatika. Ukiunganisha hilo na honi iliyokufa, jibu linakaribia kujitaja lenyewe. Nyuma ya usukani kuna kasha la plastiki la duara, na ndani yake mna utepe bapa wa waya ulioviringishwa kama futi ya fundi cherehani. Usukani ukizunguka, utepe unajikunja na kujikunjua, na hivyo ndivyo umeme unavyofika kwenye honi, kwenye vitufe vya usukani na kwenye mfuko wa hewa bila waya kujinyonga. Utepe ukikatika, vyote hivyo vinaweza kufa kwa pamoja. Ili kuubadilisha, lazima usukani utoke. Na ili usukani utoke, lazima kwanza utoe mfuko wenyewe, ukiwa na kiwashio chake na kemikali inayoujaza gesi.

Mjomba alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha dereva, ncha ya bisibisi iko ukingoni mwa kifuniko.

"Mjomba, naomba tusianzie hapo."

"Tuanzie wapi sasa?"

"Kwenye betri."

Aliniangalia kidogo, akashuka. Namshukuru kwa hilo, maana mbele ya dada na vijana wawili wa gereji angeweza kunikata kauli na nisingekuwa na la kusema. Tulinyoosha magurudumu yatazame mbele, tukazima swichi na kutoa ufunguo, akafungua terminali ya hasi mwenyewe na kuifunga kwa tambara ili isirudi kugusa betri. Kisha akageuka kurudi kwenye usukani. Nikamwomba tena tusubiri.

"Betri nimeshaichomoa, mwanangu. Tunasubiri nini?"

Nilimweleza kwamba kompyuta ya mifuko ya hewa ina kapasita inayohifadhi umeme wake yenyewe, kwa makusudi. Ajali kubwa inaweza kuivunja betri kabla ya mfuko kufyatuka, kwa hiyo watengenezaji wameuwekea mfumo akiba ya kuumalizia kazi. Akiba hiyo haijui kuwa leo betri imechomolewa na fundi. Inakaa pale pale mpaka iishe yenyewe. Vitabu vingi vya ufundi vya Toyota hutaja kusubiri sekunde 90, vya Honda hutaja dakika 3, na yako magari yanayotaka zaidi ya hapo. Kitabu cha gari la dada kilitaja dakika zake, na mimi niliziongeza. Dakika hizo hazina gharama yoyote. Mfuko ule hujaa katika milisekunde 30 hivi, kabla jicho halijapepesa. Aliyeinamia usukani wakati huo hana nafasi ya kukwepa.

Tulikaa ubavuni mwa gari. Mjomba akatoa wazo: kwa nini tusitafute usukani mzima wa mtumba, na mfuko wake, tukafunga tu? Ni wazo ambalo mafundi wengi wanalo. Nililikataa, nikamtajia habari ya Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika mwaka 2017 baada ya mamilioni ya mifuko yake kurudishwa duniani kote. Kemikali yake, amonia naitreti, ilikuwa ikiharibika kwa miaka ya joto na unyevu. Mfuko ukifyatuka, kasha la chuma linapasuka na kurusha vipande kwa dereva. Watu walikufa katika ajali ambazo zingewaacha na michubuko. Mfuko wa mtumba hauonyeshi kwa nje umetoka kwenye gari gani wala umekaa wapi, na mimi sitamfungia dada yangu kitu cha namna hiyo kifuani. Mjomba alinyamaza, kisha akauliza ile nyundo aliyoandaa aiweke wapi. Nikamwambia tutaizungumza tukifika kwenye nati.

Muda ulipotimia, nilifungua bolti mbili za ubavuni kwa bisibisi ya nyota, mfuko ukalegea na kuja mbele. Nyuma yake palikuwa na plagi ya manjano. Rangi hiyo ndiyo inayotumika kwenye magari mengi kwa waya na plagi za mfumo huu, na fundi akiiona mahali popote chini ya dashibodi anapaswa kupunguza mwendo. Plagi ina kilimi kidogo cha kufuli: unakiinua kwanza kwa ncha nyembamba, ndipo unachomoa. Nilipoichomoa, mjomba aliinama akawasha tochi. Ndani ya tundu aliona kibati chembamba cha shaba kimejikunja na kugusa pini zote mbili. Akauliza kama kimevunjika. Sivyo, kimewekwa hivyo: plagi ikitoka, kibati kinaziunganisha pini mbili za kiwashio ili umeme wa kuokota njiani, hata ule wa nguo kusuguana, usipate pa kupita kwenda kukiwasha. Alikitazama kwa muda mrefu. Yeye anapenda vitu vilivyofikiriwa vizuri.

Niliubeba mfuko kwa mikono miwili, uso wake ukiwa umetazama mbali na mwili wangu, nikauweka mezani uso juu, mbali na watu, bila kitu chochote juu yake. Ukilazwa kifudifudi na ukafyatuka, kasha lote zito ndilo litakaloruka. Ukitazama juu, kinachopanda ni kitambaa na gesi.

Niliporudi kuchukua tambara, nikamkuta mjomba mezani na ile mita yake ya mshale, anataka kupima kiwashio ajue kama ni kizima. Mkono wake ulikuwa umekaribia tundu.

"Mjomba, hapo hapana. Tafadhali."

Nadhani nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa sababu wale vijana waligeuka. Lakini kiwashio ni kiwaya chembamba chenye ukinzani wa omu 2 hivi tu, na mita ikipima omu inasukuma mkondo wake ndani ya kile inachokipima. Mita za mshale za zamani ndizo zinazosukuma zaidi. Vitabu vya ufundi vinakataza jambo hilo moja kwa moja. Mjomba aliiweka mita mfukoni. Nikamwahidi kuwa kitu cha kupima kitapatikana, na kitakuwa kile kilichotuleta.

Tulipofika kwenye nati, zamu ikawa yake, na hapo nilimwachia kabisa. Kabla ya kuifungua alichora mstari mmoja wa rangi nyeupe kuanzia kwenye shafti mpaka kwenye usukani, ili meno ya shafti na ya usukani yarudi yalivyokuwa. Akailegeza nati, lakini hakuitoa. Akaiacha ishike nyuzi chache za mwisho. Usukani uliong'ang'ania huachia ghafla, na fundi asiyeacha nati huvunjwa meno na usukani wake mwenyewe. Hilo hakulisoma kwenye kitabu. Alinieleza nilipokuwa mdogo, na siku ile aliwaeleza wale vijana kwa maneno yale yale.

Kuhusu nyundo, nilimwonyesha kwamba nguzo ya usukani wa kisasa imetengenezwa ili ijikunje dereva akiiangukia, na mapigo kwenye ncha ya shafti yanaweza kuiharibu sehemu hiyo. Tulitumia pula, kifaa cha bolti kinachouvuta usukani utoke bila kugongwa. Bolti zake nilizizungusha kwa kiasi, kwa kuwa zikizama mno zinatoboa lile kasha la utepe lililo nyuma. Mjomba akakaza bolti ya kati taratibu, usukani ukalia mlio mmoja mkavu, ukaachia na kugota kwenye nati.

Kasha la utepe lilitoka kwa skrubu chache. Sasa likiwa peke yake, halijaunganishwa na gari wala na mfuko, nilimpa mjomba aipime njia ya manjano kwa mita yake. Aliweka ncha mbili, mimi nikazungusha kasha polepole kwa vidole. Mshale ulisimama vizuri, kisha mahali fulani ukaanguka. Nikarudisha nyuma kidogo, ukapanda. Nikasogeza mbele, ukaanguka tena. Utepe ulikuwa umekatika kwenye mkunjo, na kila kona aliyokata dada ilikuwa inaunganisha na kuachanisha njia ya mfuko wake. Mjomba alimwita dada aje aone mshale ule. Dada aliona, akauliza mara ngapi watoto walikuwa ndani njia ikiwa imeachana. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Utepe mpya ulikuja umefungwa katikati kwa kilimi cha plastiki, na kilimi hicho hakitolewi mpaka kasha limefungwa mahali pake na magurudumu yamenyooka. Aina nyingi za utepe zina mizunguko miwili na nusu hivi kila upande kutoka katikati. Ukifungwa nje ya katikati, kona kali ya kwanza inaweza kuukata, na kazi yote inarudi mwanzo. Nilihakikisha mara mbili. Mjomba akarudisha usukani kwenye mstari wake mweupe, tukakaza nati kwa spana ya kupimia mpaka nyutoni-mita 50 kama kitabu kilivyotaka. Plagi ya manjano ikaingia kwa mlio wa kufuli, bolti za mfuko zikafuata.

Betri ilirudishwa pasipo mtu ndani ya gari. Niliwasha swichi nikiwa nje, mkono umepita dirishani, kichwa mbali na usukani. Taa ikawaka, tukaiangalia sote, na baada ya sekunde kama sita ikazima. Nilifuta kumbukumbu ya hitilafu kwenye kompyuta, nikasoma upya, haikurudi. Honi ikalia. Dada akazunguka na gari, usukani uko sawa, taa imezima.

Mjomba alikuwa bado na maswali. Je, upande wa abiria nako kuna utepe kama ule? Nikamwambia hapana, mfuko ule hauzunguki, waya zake zinakwenda moja kwa moja. Na betri? Inachomolewa vile vile, na kusubiri ni kule kule. Akaniomba nimwachie kitabu, kwa kuwa keshokutwa yake kulikuwa na gari jingine linakuja gereji na taa ya aina hiyo hiyo.